Gari limevaa A/T, sasa linavuma na kurukaruka: chanzo chake na cha kufanya

Gari lililozoea matairi ya lami likivalishwa A/T (all-terrain, matairi ya lami na nje ya lami), mwenyewe huyahisi mabadiliko ndani ya wiki ya kwanza. Usukani unakuwa mzito kidogo, gari linadunda kwenye vituta vidogo, mafuta yanaisha mapema, na mwendo ukifika kilomita 80 kwa saa mvumo unaanza kusikika chini ya sakafu. Baadhi ya hayo ni tabia ya tairi lenyewe na hayana dawa. Mengi zaidi yanatokana na mambo mawili: daraja la tairi lisilolingana na kazi ya gari, na upepo uliojazwa kwa mazoea. Jina la kampuni, ambalo ndilo wateja huulizia kwanza, linakuja nyuma sana ya hayo mawili.

Soma ubavu wa tairi

Chukua saizi inayovaliwa na magari mengi ya 4x4, 265/70R17. Tarakimu 265 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 185.5. R inaonyesha kwamba ni radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tatizo ni kwamba matairi mawili yanaweza kubeba tarakimu hizo hizo na yasifanane kabisa kwa kazi. Moja limeandikwa 265/70R17 115T, bila herufi mbele. Jingine limeandikwa LT265/70R17 121/118S.

Lile la kwanza lina ujenzi wa tairi la gari la abiria. Namba 115 ni alama ya uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 1,215, na linazibeba likiwa na upepo wa psi 36 hivi (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji). La pili, lenye LT, limejengwa kama tairi la lori jepesi. Namba 121 ni kilo 1,450, na 118 ni kilo 1,320 kwa kila tairi pale yanapofungwa mawili mawili upande mmoja. Lakini ili libebe kilo hizo 1,450 linadai psi 80. Herufi ya mwisho ni kikomo cha mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180, T ni 190.

Kwenye LT utakuta pia daraja la uzito. C ndiyo watu huita plai 6, D plai 8, E plai 10. Usidhani kuna tabaka kumi ndani ya ubavu. Ukisoma maandishi madogo karibu na rimu utaona idadi halisi, na mara nyingi ubavu una tabaka mbili au tatu tu za nyuzi. Hiyo "10" ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa kutoka zama za nyuzi za pamba. Kikomo cha upepo ni psi 50 kwa C, 65 kwa D na 80 kwa E.

Sasa, nani anahitaji E? Kwa maoni yetu ni wachache kuliko wanaoinunua. Gari linalobeba familia na mizigo ya kawaida, likipita lami siku nyingi na barabara ya vumbi mara chache, linatosheka na A/T isiyo na LT, au LT ya daraja C kama saizi yake inapatikana. LT ya daraja E huwa na kilo nne hadi sita zaidi kwa kila gurudumu. Huo ni uzito unaozunguka, usiobebwa na springi. Injini inausukuma kila unapoondoka, breki inaukamata kila unaposimama, na shokabzoba inahangaika nao kwenye kila shimo. Mdundo na mafuta yanayolalamikiwa vinaanzia hapo. E inastahili pale gari linapobeba tangi la maji, hema la juu ya paa na vifaa vya kazi, linapovuta tela, au linaposhinda kwenye mawe makali. (Maandishi meupe ya ubavuni yakae nje au ndani, hilo ni la mwenye gari. Hayaongezi kitu.)

Upepo: stika ya mlangoni haijui umefunga nini

Stika ya upepo kwenye nguzo ya mlango wa dereva ilipigiwa hesabu ya matairi ya kiwandani. Ukifunga A/T isiyo na LT ya saizi ileile na namba ya uzito isiyopungua, ifuate stika kama ilivyo. Ukifunga LT, namba ya stika mara nyingi haitoshi. Katika tairi kinachobeba gari ni upepo zaidi ya mpira, na LT iliyojazwa psi 35 hubeba uzito mdogo kuliko tairi la kawaida la saizi ileile kwa psi hizo hizo. Kwa hiyo LT huanzia psi 5 hadi 10 juu ya stika, na nyuma huongezwa tena gari likipakiwa.

Wengi hufanya kinyume. Gari linadunda, mtu anasema upepo umezidi, anapunguza hadi 30. Mdundo unapungua kweli, ila kingo mbili za tairi zinaanza kulika na tairi linapata moto kwenye safari ndefu. Wengine wanaona "MAX 80 PSI" ubavuni na kujaza 60 au 65 kwenye gari tupu. Namba hiyo ni kikomo, na haikuandikwa kuwa pendekezo la kila siku. Tairi lililojaa namna hiyo linagusa ardhi kwa katikati tu, meno ya katikati yanaisha, na kwenye changarawe vipande vya mpira vinanyofoka kwa sababu tairi limekataa kubonyea juu ya jiwe.

Njia ya kupata namba ya gari lako ni hii. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji moja unayoiamini, na uandike. Endesha mwendo wa safari kwa muda wa saa moja hivi, ukiwa na mzigo unaobeba siku zote, kisha simama upime tena palepale. Kwa matairi ya kawaida upepo unatakiwa uwe umepanda psi 4 hivi, kwa LT psi 6. Ukipanda zaidi ya hapo, tairi lilikuwa na upepo mdogo likajipinda mno na kupata moto, kwa hiyo ongeza kesho asubuhi. Ukipanda pungufu, umejaza kupita kiasi. Fanya kwa mbele na nyuma mbalimbali, kwa sababu uzito wa pande hizo haulingani.

Usipunguze upepo wa tairi lenye moto eti limezidi. Hata jua peke yake linatosha kusogeza mshale: tairi la psi 35 alfajiri ya nyuzi 15 litasoma zaidi ya 38 mchana wa nyuzi 35 bila gari kusogea. Ukilipunguza mchana, kesho alfajiri litakuwa chini.

Kuna jambo la valvu ambalo mafundi wengi hulipita. Valvu ya mpira ya kawaida, ile inayovutwa ikaingia kwenye tundu la rimu, mwisho wake ni psi 65. Ukiwa na E utakayojaza juu ya hapo kwa mzigo, dai valvu ya chuma yenye nati.

Nje ya lami

A/T yenye psi 36 kwenye mchanga laini haina ajabu kuliko tairi la kawaida lililopunguzwa hadi 18. Wanaosema matairi yao mapya yamewaangusha mchangani mara nyingi hawakugusa upepo. Ukipunguza, unyayo wa tairi unarefuka zaidi kuliko unavyopanuka, na urefu huo ndio unaofanya gari lielee juu ya mchanga badala ya kuchimba.

Kwa gari la uzito wa kati lisilopakiwa sana, anzia hapa: changarawe na barabara yenye mawimbi, psi 25 hadi 28, matope, 20 hadi 22, mawe, 18 hadi 22, mchanga laini, 15 hadi 18. LT ya daraja E ina ubavu mgumu, kwa hiyo mara nyingi inahitaji kushushwa psi mbili tatu zaidi ili ibonyee sawa na ya kawaida. Gari likipakiwa sana, usishuke kiasi hicho.

Mwendo nao unashuka pamoja na upepo. Chini ya psi 20 usivuke kilomita 40 kwa saa, na ukiwa kwenye 15 kaa kati ya 20 na 30, bila kukata kona kwa ghafla. Kona ya ghafla kwenye mchanga ndiyo inayochomoa mdomo wa tairi kwenye rimu, hasa la mbele la upande wa nje. Likichomoka, inua gari kwa jeki iliyowekewa ubao mpana chini, safisha mchanga wote kwenye mdomo wa tairi na kwenye rimu, paka maji ya sabuni, toa sindano ya valvu ili upepo uingie kwa kasi, kisha jaza hadi usikie mdomo ukigonga mahali pake pande zote mbili. Rudisha sindano halafu ndipo upime.

Kompresa ndogo za kujazia tena upepo, zile za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, huweza kuunguza fyuzi, kwa kuwa tundu hilo kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 au 15. Kwa matairi manne ya saizi hii, nunua ya kubana kwenye betri kwa vibanio, na uiendeshe injini ikiwa inawaka. Iache ipoe kati ya tairi na tairi kama mwongozo wake unavyosema.

Mvumo na mtetemo

A/T ina meno makubwa yenye nafasi kati yake, kwa hiyo itavuma kidogo zaidi ya tairi la lami hata ikiwa mpya na imefungwa vizuri. Swali ni kama mvumo unaongezeka mwezi hadi mwezi.

Kabla ya kulaumu tairi, tenga sauti yake na ya beringi. Ukiwa kwenye barabara pana isiyo na magari, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Sauti ikipanda uzito unapohamia upande mmoja na kushuka upande mwingine, shuku beringi ya gurudumu linaloelemewa. Sauti isiyojali usukani lakini inabadilika mara tu unapotoka lami mbovu kuingia laini, hiyo ni ya meno.

Kisha tumia kiganja. Gari likiwa limezimwa, pitisha mkono juu ya meno ya ukingo wa nje kuelekea mbele, halafu urudishe nyuma. Upande mmoja mkono utateleza, upande mwingine utakwaruzwa na ncha kali kama za msumeno. Maana yake kila jino limelika zaidi mwisho mmoja kuliko mwingine. Hali hii huja yenyewe kwenye matairi yenye meno marefu, ila upepo mdogo na kutohamisha matairi huiharakisha, na ikishakomaa mvumo hauondoki kwa balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) wala kwa chochote isipokuwa tairi kusagika tena likiwa mahali pengine. Ukipitisha kiganja kwa upana, kutoka ndani kwenda nje, na ukakwaruzwa, tatizo ni alaimenti: magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi yanaashiria shokabzoba iliyochoka au balansi iliyopotea. Ukingo wa ndani peke yake kuisha kunaashiria mlalo wa gurudumu, na baada ya gari kuinuliwa kwa springi ndefu hilo ni la kutarajiwa mpaka alaimenti irekebishwe.

Hamisha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na safari ya kwanza iwe mapema kidogo, kwenye 5,000. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma au yote manne, ya nyuma yanakuja mbele kwa upande uleule, ya mbele yanakwenda nyuma kwa kupishana. Ukiwa na spea ya aina ileile, iingize kwenye mzunguko: spea iende nyuma kulia, la nyuma kulia lije mbele kulia, la mbele kulia liende nyuma kushoto, la nyuma kushoto lije mbele kushoto, na la mbele kushoto liwe spea. Hivyo matairi matano yanazeeka pamoja. Matairi yenye mshale wa mwelekeo ubavuni hayapishanishwi bila kufunguliwa kwenye rimu.

Mtetemo wa usukani kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa ni suala la balansi, na hapa kosa la kwanza ni uchafu. Tope lililokauka ndani ya rimu linatosha kutetemesha gari zima. Osha upande wa ndani wa rimu kabla hujaenda kwa fundi, la sivyo atapima tope. Matairi haya ni mazito na huhitaji risasi nyingi zaidi za kusawazisha kwenye rimu. Mashine ikidai zaidi ya gramu 150 kwenye gurudumu moja, mwombe fundi atoe upepo, alizungushe tairi nusu mzunguko juu ya rimu, apime upya. Mara nyingi namba inashuka. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari, kwa kuwa rimu ya chuma na ya aloi ya gari lilelile huweza kutofautiana, na zirudiwe baada ya kilomita 80 hadi 100.

Ukipandisha saizi

Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo kinatoka milimita 776 kwenda 803. Gari linainuka nusu ya tofauti hiyo, kama milimita 13, na kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 3.4. Spidomita ikisoma 100, unaweza kuwa kwenye 103, ingawa spidomita nyingi hutiwa chumvi kidogo kiwandani na tofauti inafunikwa.

Hesabu ya mafuta ndiyo inayowachanganya watu. Kaunta ya kilomita nayo inahesabu pungufu. Ikisema umetembea 500, umetembea 517. Ukigawa lita kwa 500 utaona gari limekuwa mlafi kuliko lilivyo. Sahihisha kilomita kwanza, kisha ndipo ulilaumu tairi kwa kilichobaki. Kitabaki kitu, hasa kwa LT, lakini kidogo kuliko ulichodhani.

Kwenda 285/70R17 ni jambo jingine. Kipenyo ni milimita 831, asilimia 7 juu ya 265/65. Giaboksi ya otomatiki itaanza kusitasita kwenye milima, na tairi huenda likagusa plastiki ya ndani ya tao la gurudumu. Kupima kwa usukani uliokunjwa gari likiwa tambarare hakutoshi. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kizingiti ili springi ibanwe, kunja usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na uangalie nyuma ya tairi palipo na kishikizo cha bodi na madigadi. Pasipopita hata kidole, patagusa barabarani.

Saizi mpya iwe ya matairi yote, spea ikiwemo. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu manne muda wote, tairi moja kubwa au jipya sana kuliko mengine linailazimisha difu kufanya kazi bila kupumzika hadi ipate moto. Kwenye gari la kuunganisha 4x4 kwa mkono, mbele na nyuma vikitofautiana kipenyo, mfumo unajikaza na utaona kigingi cha 4x4 kinakataa kutoka.

Mikato, pancha na umri

Tundu la msumari katikati ya meno, lisilozidi milimita 6, linazibwa vizuri kwa kiraka chenye mkia kinachowekwa kutoka ndani. Ule utambi unaosukumwa kutoka nje ni wa kukufikisha kwa fundi. Ubavu hauzibwi, na uvimbe ubavuni ni nyuzi zilizokatika, hata kama tairi ni jipya na halivuji. Kila tairi lililotembea bila upepo likifunguliwa, angalia ndani: ukikuta unga mweusi wa mpira, ubavu umeshasagika kutoka ndani na halifai kurudishwa.

Baada ya njia ya changarawe, ng'oa mawe yaliyokwama kati ya meno kwa bisibisi butu. Jiwe likiachwa, kila mzunguko unalisukuma ndani hadi lifike kwenye nyuzi za chuma, na maji yakifuata kutu inaanza.

A/T mpya huwa na meno ya milimita 10 hadi 14 hivi. Alama ya kikomo iko kwenye 1.6, ila tairi linaacha kuwa la nje ya lami mapema zaidi. Likifika 5 au 6 matope hayatoki tena kwenye nafasi za meno, na kwenye lami yenye maji linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko tairi la lami la kina hicho hicho, kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele yako. Alama ya M+S (matope na theluji) inaeleza umbo la meno tu. Kama unakwenda kwenye theluji, tafuta ile ya mlima wenye chembe ya theluji, ambayo tairi huipata kwa kupimwa.

Umri unausoma kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT uliopigwa ubavuni: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Kuanzia mwaka wa 5, tairi likaguliwe kila mwaka, nje na ndani ya mifereji, kutafuta nyufa. Likifika miaka 10 litolewe hata kama meno yamejaa. Linaloshikwa na kanuni hii mara nyingi ni spea iliyoning'inia chini ya gari, iliyosahaulika tangu gari linunuliwe. Ishushe, safisha tope kwenye mnyororo wake, soma tarakimu zake, na ujaze psi 5 zaidi ya matairi mengine, kwa sababu kupunguza siku ya shida ni rahisi kuliko kuongeza.